Fundi wa Kupunguza

Wanafunzi wake walimwita Mama Dozi, na yeye hakuchukia. Ukimwuliza kama kahawa ina madhara, atakujibu, "Dozi gani?" Ukimwuliza kama chumvi ni sumu, dozi gani. Siku moja kijana wa mwaka wa tatu alisimama mlangoni mwa ofisi yake kuomba ruhusa ya siku nne akaoe, naye, macho yakiwa bado kwenye karatasi, akauliza, "Mara ngapi?" Kicheko kilichopigwa koridoni siku ile kilimfuata mpaka alipostaafu.

Alikuwa profesa wa famakolojia, yaani elimu ya namna dawa inavyofanya kazi mwilini, na katika dawa zote alichagua zile zinazogusa akili: za usingizi, za kutuliza, za kuchangamsha. Miaka thelathini na minne ya kazi yake ilipita ndani ya jengo moja la ghorofa, maabara chini, ofisi juu. Katikati palikuwa na ngazi yenye kidato kimoja kilicholegea. Wageni walijikwaa, wenyeji walikiruka bila kufikiri.

Alifiwa na wazazi wake mapema, akalelewa na shangazi yake, dada wa baba, fundi cherehani wa sare za shule. Chumba cha mbele cha nyumba ile hakikuwa sebule, kilikuwa karakana: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na sakafu iliyojaa nyuzi za buluu na nyeupe. Mtoto alifanyia kazi zake za shule chini ya ile meza, kwa sababu juu hapakuwa na nafasi. Shangazi hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukimwonyesha daftari lenye alama tisini na mbili, atauliza zile nane zimekwenda wapi. Lakini mtoto alipofaulu kwenda chuo kikuu, shangazi alimshonea koti jeupe la maabara kabla hata hajaambiwa kwamba litahitajika. Mikono ilizidi urefu. "Utakua," alisema shangazi. Msichana alikuwa na miaka ishirini.

Kilichomvuta kwenye dawa za akili ni panya mmoja. Katika zoezi la mwaka wa pili, panya mweupe aliwekwa ndani ya sanduku pana, akajibana pembeni kama kawaida yao. Wakamchoma dawa ya kutuliza, kiasi kidogo kuliko punje ya mchele. Baada ya dakika ishirini panya alitoka pembeni, akatembea mpaka katikati ya sanduku, mahali ambapo panya mwenye akili zake hathubutu kukaa, akaanza kunawa uso. Wenzake waliandika matokeo wakaondoka. Yeye alibaki akimtazama. Hofu yote ile, alijiuliza, imekwenda wapi?

Shahada yake ya uzamivu aliifanya juu ya kidonge kipya cha usingizi, kilichosifiwa kwamba hakimfanyi mtu awe mtumwa wake. Aliwapa panya mia moja na ishirini kidonge hicho kwa siku kumi na nne, akawaachisha, akawachunguza. Hawakutetemeka, hawakugombana, hawakukataa kula. Akaandika: haikuonekana dalili ya utegemezi. Ilikuwa kweli tupu, na wasahihishaji walimpa heko. Mawakala wa dawa waliichukua sentensi ile wakaitembeza hospitali kwa hospitali, wakikata tu maneno yaliyoitangulia, yale ya siku kumi na nne.

Mwaka huohuo mume wa shangazi alifariki, ghafla, akiwa anafunga kamba za viatu. Shangazi alizika, akashukuru watu, akarudi kwenye cherehani. Ila usingizi ulimkimbia. Baada ya mwezi alikwenda kwa daktari wa kliniki ya mtaani, akarudi na chupa ndogo, akamwita binti yake wa kulea.

"Hebu soma hii. Ni salama?"

Alisoma jina, akatabasamu kwa fahari. "Salama kabisa, shangazi. Hiki ndicho nilichokifanyia utafiti. Mimi mwenyewe nimekipima."

"Basi," alisema shangazi, akaiweka chupa rafuni, kati ya bobini na makopo ya vifungo.

Miaka kumi na moja ikapita. Yeye alipanda kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri mwandamizi. Aliolewa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyependa kumaliza sentensi za wenzake na kuzikosea. Wakapata watoto wawili. Jumapili walikwenda kwa shangazi, wakala, wakacheka, wakarudi. Kama chupa ile ilikuwa bado rafuni, hakuiona, kama vile mtu asivyouona ukuta wa nyumba yake.

Akaiona Jumamosi moja alipopeleka gauni lipunguzwe kiuno. Shangazi alikuwa ameshika shati la shule la mtoto mdogo, analigeuza na kuligeuza.

"Hebu nisaidie kuhesabu," alisema. "Hii mikono mingapi?"

Ilikuwa mitatu. Miwili mahali pake, na wa tatu umeshonwa vizuri kabisa, mshono umenyooka, mahali ambapo mfuko ulitakiwa kuwa.

Walicheka mpaka machozi. Kisha shangazi akaacha kucheka, akasema kwamba wiki iliyopita alisahau jina la jirani wa miaka thelathini, na juzi alijikuta amesimama njiani hajui kama anakwenda au anarudi.

"Shangazi, unatumia dawa gani siku hizi?"

Shangazi akamtazama kana kwamba swali lenyewe ni la kitoto. "Zako."

Mama Dozi akainua macho, akaiona chupa, na nyuma yake chupa nyingine tupu, zimejazwa pini, sindano na kulabu, zimepangwa safu mbili kama wanafunzi wa mstarini.

Alifanya walichofundishwa wote: punguza nusu kwa wiki mbili, halafu acha. Shangazi alikuwa mtiifu kwa mambo aliyoyaamini, akatii. Siku ya tano baada ya kuacha alikuwa na macho ya mtu aliyefukuzwa. Mwili ulimwasha bila upele, sauti ya mlango ilimrusha kitini, mikono ilitetemeka. Siku ya saba sindano ya cherehani ilimpita kidoleni, kwa mara ya kwanza tangu akiwa mwanagenzi.

Wakaenda kliniki. Daktari alikuwa yuleyule, sasa ana mvi, mtu mwema aliyechoka. Akampima shangazi, akaandika, akasema kwa upole, "Mama, ni ule ugonjwa wako wa wasiwasi umerudi. Ndiyo maana nakuambia usiache dawa."

Shangazi, kidole kimefungwa bendeji, alijiweka sawa kitini. "Daktari, mimi sikuwa na ugonjwa wa wasiwasi. Nilikuwa na msiba."

Daktari aliiweka kalamu chini. Alifungua kabati la chuma nyuma yake, akavuta droo moja, akavuta ya pili. Zilijaa kadi za wagonjwa. "Wa dawa hii peke yake," alisema, akimgeukia Mama Dozi. "Nikiwaachisha wanarudi hivi. Nami nina kitu gani cha kufuata? Nina makala yako."

Njiani kurudi nyumbani shangazi ndiye aliyeongea, tena mambo ya bei ya vifungo.

Shangazi alirudishwa kwenye dozi yake kamili, mikono ikatulia. Wiki moja baadaye akamwita Mama Dozi, akamkalisha kwenye kiti cha wateja.

"Ulivyonipunguza, umenipunguza kama mtu asiyejua kushona."

"Ndivyo kitabu kinavyosema, shangazi."

"Kitabu kimewahi kupunguza gauni? Mimi napunguza nguo za watu miaka arobaini. Mtu akikonda, huchukui mkasi ukakata nusu. Unaingia kidogo ubavuni, anavaa, unatazama inavyokaa. Akizoea, unaingia tena. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Basi haba na haba hukimwaga pia."

"Haba kiasi gani?"

"Hilo ndilo lako, msomi. Mimi nitakuambia inavyokaa."

Walianza kwa wembe. Shangazi alikwangua kidonge juu ya sahani kwa mkono wa fundi, lakini Mama Dozi alipovichukua vipande vile kuvipima kwenye mizani ya maabara, hakuna viwili vilivyolingana. Wakakubaliana na daktari wa kliniki: duka la dawa la hospitali ya chuo lingetengeneza dawa ileile kwa maji, nguvu yake ikijulikana, na shangazi angepima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone. Kila wiki mbili angeshuka moja ya kumi ya dozi ya mwanzo, na daktari angemwona kila baada ya hatua.

Ikabaki jinsi ya kujua "inavyokaa". Mama Dozi alileta fomu yenye maswali arobaini: je, katika siku saba zilizopita umejisikia vibaya kidogo, wastani, sana? Shangazi aliisoma akiwa amevaa miwani, akairudisha. "Haya maswali yananitia wasiwasi ambao sikuwa nao."

Badala yake kila asubuhi, kabla ya chai, alichukua kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye mashati, akakishona mstari mmoja wa mkono, urefu wa shibiri, bila chaki wala rula. Akaandika tarehe pembeni kwa kalamu. Basi. Siku mkono ukiwa mtulivu, mstari ulinyooka kama umechorwa. Siku mbaya, ulipinda kama njia ya siafu. Jumapili Mama Dozi alivikusanya vitambaa vya wiki, akavilaza mezani, akapima kwa milimita kila mpindo ulivyouacha mstari, akaingiza tarakimu kwenye daftari.

Mwezi wa tatu alianza kuona kitu ambacho hakikuwa kwenye kitabu chochote alichokisoma. Kila baada ya kupunguza, mshono ulianza kupinda siku ya nne na kunyooka tena kufikia siku ya kumi na mbili. Siku ya nne! Yaani mtu angeweza kuamka siku ya pili akajiona mzima, akajipiga kifua, akashuka tena, na kesho kutwa akaangukiwa na hatua mbili kwa pamoja.

La pili lilikuwa kubwa zaidi. Hatua saba za kwanza shangazi alizishuka akipiga mluzi. Ya nane, dozi ikiwa imebaki chini ya theluthi, mambo yakaharibika. Kiasi kilichopunguzwa kilikuwa kilekile, lakini vitambaa vya wiki ile havikuwa na mstari, vilikuwa na mikwaruzo. Shangazi hakutoka nje siku tatu.

"Haiwezekani," alisema Mama Dozi. "Dozi hii ni ndogo sana, hata mtoto isingemlaza."

"Wewe tazama kitambaa," alisema shangazi kutoka chini ya shuka. "Nguo ikishakaribia mwili, hapo ndipo unaingia uzi kwa uzi. Sentimita moja kwenye koti si kitu. Sentimita moja kwenye kwapa, mtu hainui mkono."

Alikaa na maneno yale kwenye maabara Jumatatu nzima, akichora. Na jibu lilikuwa pale, kwenye elimu aliyokuwa akiifundisha kila mwaka bila kuihusisha na mtu yeyote. Dawa hukaa kwenye ubongo kama wageni kwenye viti. Wageni wachache wa kwanza hupata viti karibu vyote. Wanaofuata husimama ukutani. Ukiwatoa waliosimama, chumba hakijui. Ukianza kuwainua waliokaa, hata wawili, kila mtu anageuza shingo. Kwa hiyo hatua hazitakiwi kulingana. Kadiri unavyoteremka, ndivyo zinavyotakiwa kuwa ndogo: moja ya kumi ya kile kilichobaki, si ya kile ulichoanza nacho.

Wakapandisha dozi kidogo, wakatulia mwezi mzima, wakaanza tena kwa kipimo kipya. Jumla ilichukua mwaka mmoja na miezi saba. Siku shangazi alipopima tone la mwisho, ambalo hata bomba lilikuwa linabishana nalo, alilimeza, akaosha bomba, akalitupa. Mama Dozi alikuwa amekuja na keki. Shangazi alimwambia asubiri siku ya kumi na mbili, na keki ikangoja kwenye jokofu mpaka ikakauka. Siku ya kumi na mbili wakaila hivyohivyo, kwa chai, ikibidi kutafunwa kama mkate wa jana.

Usingizi wake haukurudi kuwa wa msichana. Aliamka mara mbili, mara tatu. Ila ndoto zilirudi, na akazilalamikia. "Miaka kumi na moja sijaota kitu. Sasa marehemu anakuja kila siku, na bado ni mbishi. Jana tumegombana juu ya funguo mpaka kumekucha." Alisema hivyo kwa hasira, lakini Mama Dozi aliona kwamba siku zile shangazi alikuwa anakwenda kulala mapema.

Alipopeleka mpango wa utafiti kwa mkuu wa idara, alibeba daftari na mfuko wa vitambaa mia tano na themanini na tatu. Mkuu alikuwa mzee mwenye tai fupi na msemo mmoja, asiyesikia la mkuu, ambao hakuwahi kuumalizia. Aliuacha ukining'inia ili kila mtu avunjike guu lake mwenyewe. Alivimwaga vitambaa mezani, akashika kimoja kwa ncha za vidole.

"Unataka kamati ya maadili isome vitambaa?"

"Nataka isome namba, Mkuu. Vitambaa ni ushahidi."

"Mgonjwa mmoja. Ndugu yako. Na dawa uliyoisifia mwenyewe kwenye shahada yako." Akavua miwani. "Unajua utakuwa unajipinga?"

"Sijipingi. Panya wangu hawakuwahi kufika wiki ya tatu. Ndilo ninalotaka kuandika."

"Asiyesikia la mkuu..."

"Nimesikia, Mkuu. Nilikuwa naomba sahihi."

Mkuu akarudi kwenye vitambaa, akavipanga kwa tarehe bila kuombwa, kimoja baada ya kingine, mpaka alipofika wiki ya hatua ya nane. Hapo akasimama. Mama Dozi hakujua wakati ule, akaja kujua baadaye, kwamba mke wa mkuu alikuwa na chupa yake rafuni. Mkuu alitia sahihi.

Utafiti ulichukua miaka minne. Watu hamsini na wanane walitoka kwenye droo za daktari wa kliniki, ambaye sasa alikuwa mshirika na alifanya kazi kama aliyetuliwa mzigo. Si wote walijua kushona. Wengine waliandika mstari mmoja wa maneno kila asubuhi, mpiga chapa mmoja alichora duara. Thelathini na tisa waliacha kabisa. Kumi na mmoja waligota kwenye dozi ndogo, wakakataa kushuka zaidi, na Mama Dozi akaandika kwamba hilo si kushindwa. Wanane walitoroka, mmoja wao akiwa na mizani ya kliniki.

Makala ilipotoka, kwenye orodha ya waandishi jina la shangazi lilikuwa la pili. Jarida liliandika kuuliza yeye ni wa taasisi gani. Mama Dozi akajibu: cherehani, miaka arobaini na sita. Wakachapisha jina bila taasisi. Shangazi alizipapasa karatasi kwanza, kama anavyopapasa kitambaa kabla ya kukinunua, akasema ni nzuri. Halafu akasogeza miwani. "Jina langu wamelikosea herufi."

Pamoja na makala hiyo Mama Dozi alipeleka barua fupi kwenye jarida lililochapisha utafiti wake wa ujana. Aliandika kwamba matokeo yake yalikuwa ya siku kumi na nne tu, na kwamba yeye mwenyewe, akiwa anajua hivyo, alimwambia mtu wake wa karibu dawa ile ni salama bila kutaja siku. Mume wake alimshauri afute sentensi ya mwisho. "Watu watasema..." alianza, na kwa mara ya kwanza alishindwa kumalizia sentensi, hata yake. Mama Dozi hakuifuta. Mawakala wa dawa waliacha kumletea kalamu na kalenda. Zaidi ya hapo dunia haikutikisika. Hospitali tatu zilianza kutengeneza dawa ya maji. Kwenye kitabu cha mwongozo, aya moja ilibadilishwa, mistari sita. Yeye aliihesabu mistari ile, akaona ni mingi.

Shangazi aliishi miaka kumi na miwili zaidi, akashona tisa kati ya hiyo. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo, mchana, baada ya kula, akili yake ikiwa imekamilika kiasi kwamba asubuhi ile alikuwa ametoka kumkumbusha jirani deni la maneno, kwamba jirani aliahidi kuja kumsalimia na hakuja. Kwenye mazishi Mama Dozi alilia kama mtoto mdogo, na daktari wa kliniki, mzee sasa na fimbo, alimshika mkono.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Watoto wake walidhani atapumzika. Alipumzika wiki tatu. Sasa kila Jumatano asubuhi hukaa kwenye kliniki ileile, chumba cha mwisho, kwenye kiti kigumu, na watu huja na mabomba yao na daftari zao.

Jumatano iliyopita alikuwa na dereva wa lori aliyekuwa mwezi wa tisa wa kupunguza dawa. Alikuwa mtu wa mbio, na aliweka daftari mezani kama anayekabidhi mzigo.

"Mama, nimekuwa mzima wiki nzima. Nataka leo tushuke mara mbili, nimalize kabla ya mwaka kuisha. Shemeji zangu wote wananiuliza."

Alilifungua daftari, akasoma mistari ya asubuhi saba, taratibu, kidole kikipita juu ya maandishi. Ule wa Jumapili herufi zilikuwa zimelala upande.

"Jumapili ulikuwaje?"

Dereva akakuna shingo. "Jumapili... kidogo tu."

"Basi wiki hii tunabaki hapahapa."

"Mpaka lini?"

"Sijui," alisema Mama Dozi, akamrudishia daftari lake. "Njoo Jumatano tutazame."